Ng'ombe Hatumwi kwa Posta

Wewe unayenisoma hapa, umewahi kuitwa mwizi wa kitu ulichokishonea nguo kwa mkono wako mwenyewe?

Mimi nimeitwa. Tena kwa barua, na jina langu wamelikosea herufi mbili.

Kwa aliyenikuta leo, nifupishe. Jina langu Nyiramahirwe, mtu wa Minembwe, juu kabisa kwenye milima ya Kivu ya Kusini. Nilisoma mpaka ya tano primaire, kisha ng'ombe wa baba wakanihitaji kuliko mwalimu. Wengine mmenisindikiza hapa tangu kukimbia, tangu kambi, tangu ndege, mpaka Louisville, kwenye apatimenti ya Highview ninayokaa na mwanangu Sebineza na watoto wake. Mwaka 2013 nilipata kazi ya kumtunza mama mzee wa Kizungu pale Shively. Tunamwita Mama Dortha. Mjane, mwalimu wa zamani, miguu imechoka, ulimi haujachoka.

Wiki iliyopita niliwaacha uani kwake, Januari 2015, mtoto wake Darrell anampakia kwenye gari kumpeleka Buffalo, kwenye nyumba ya wazee iliyo karibu na anapokaa yeye. Mama Dortha aliomba mfuko wake. Akatoa kitabu. Akakiweka mikononi mwangu, akasema neno moja la Kiingereza: "Kipiti." Gari likaondoka.

Kwenye darasa la Kiingereza la kanisa walitufundisha kwamba kip ni kuchunga. Basi nikachunga.

Kitabu chenyewe nikieleze, maana nimeishi nacho. Jalada ni la ngozi, rangi ya maharage mekundu yaliyoiva. Karatasi zake zimepakwa dhahabu ukingoni, pande tatu. Ndani mna mashairi ya Mwingereza mmoja aliyetembea milima ya Ulaya kwa miguu na kwa nyumbu, zamani, kabla ya reli. Kila shairi lina picha yake ndogo juu, mistari myembamba kama nywele za mtoto mchanga, na kila picha imefunikwa kikaratasi laini kama ngozi ya ndani ya kitunguu.

Ukurasa wa hamsini na nane una ng'ombe saba wanashuka mlimani katika ukungu. Mama Dortha alikuwa na kitabu hicho miaka arobaini, na miaka yote arobaini alihesabu saba. Siku ya kwanza aliponifungulia, nilimwonyesha kwa vidole: nane.

Akabisha. Mimi sibishani na mgonjwa, nilimwekea tu kidole nyuma ya jiwe, pale yalipotokeza masikio ya ndama. Akaomba kioo cha kukuza. Akatazama. Akacheka mpaka nikampa maji.

Tangu siku hiyo, kila saa nane mchana baada ya dawa, alinisomea shairi moja polepole, kidole kikitembea chini ya mstari. Lile la ng'ombe linasema msafiri alilala kwa wachungaji, wakampa maziwa, akaondoka asubuhi bila kusema asante, na alipofika bondeni aibu ikamkamata. Shairi zima nililielewa kwa sababu ya aibu. Aibu haina Kiingereza.

Sasa mnielewe vizuri hapa. Kwetu kuna maneno mawili. Kuragiza ni kumpa mtu ng'ombe akuchungie: maziwa anakunywa yeye, ng'ombe anabaki wako. Kugabira ni kumpa mtu ng'ombe awe wake kabisa. Aliyeragizwa hauzi, hachinji, na siku akiitwa anarudisha mnyama akiwa mzima.

Donc mimi nilijua nimeragizwa. Nikakata kipande cha kitenge nilichovaa kwenye harusi ya binti yangu Uwase, nikakishonea kitabu nguo, nikakiweka juu ya kabati, mbali na jiko na mbali na wajukuu.

Barua ya Darrell ilikuja katikati ya Machi. Haikuja kwangu. Ilikwenda kwenye ofisi ya kazi iliyonipeleka kwa Mama Dortha, ikisema nimeiba kitabu.

Bosi wa ofisi alituita, mimi na Sebineza. Mwanamke kijana, msafi, na kikombe chake cha kahawa kina picha ya mbwa.

"Kitabu unacho?" aliuliza, na Sebineza akatafsiri.

"Ninacho."

"Ulikichukua?"

"Nilipewa nichunge."

"Kilete hapa mezani leo, mimi nitampelekea mwenyewe, na kazi yako itaendelea."

"Muulize," nilimwambia Sebineza, "kitabu ni chake?"

"Mama."

"Muulize."

Akamuuliza. Bosi akasema hapana, si chake.

"Basi kwa nini nikilete kwake? Nilikipokea kwenye mkono wa Mama Dortha. Nitakirudisha kwenye mkono wa Mama Dortha."

Bosi aliandika kitu kwenye karatasi yake. Ile karatasi ilikuwa kazi yangu. Tulipotoka pale sikuwa na kazi tena.

Kwenye gari, tulipofika taa za barabara kubwa, Sebineza alianza.

"Mama, uko unatutafutia polisi juu ya kitabu ya Wazungu, yenye hauwezi hata kusoma."

"Hata ng'ombe sijui kumsoma. Ninamchunga."

"Bon. Tuitume na posta. Kesho inafika, tunalala."

"Umeona wapi ng'ombe wa kuragizwa akitumwa kwa posta?"

"Hii haiko ng'ombe, Mama."

"Ndiyo maana hali majani."

Hakucheka. Lakini jioni hiyohiyo alinikatia tiketi ya basi kwenda Columbus kwa dada yake Uwase, akaiweka chini ya sahani yangu. Mwanangu ndivyo alivyo, mkaidi kama mama yake, anafanya halafu anakasirika.

Nilisafiri na kitabu magotini, ndani ya mfuko mmoja na chupa ya chai. Mwanamume wa kiti cha pembeni aliniuliza kama ni Biblia. Nikatikisa kichwa. Akaniombea hata hivyo, mpaka Cincinnati.

Uwase anakaa Gahanna, pale ambapo ndege zinapita juu ya paa mpaka vijiko vinalia kabatini. Anafanya kazi depo, anafunga maboksi. Kiingereza chake kimekomaa. Mpango ulikuwa rahisi: siku yake ya mapumziko, Alhamisi, anipeleke Buffalo kwa gari.

Lakini nilipovua kitabu nguo yake juu ya meza ya Uwase, niliona hasara. Basi lilikuwa limekitikisa. Kurasa nane zimeachia uzi, zimetokeza nje kama ulimi wa ng'ombe mgonjwa.

"Tuingize gundi," Uwase alisema.

"Gundi hapana. Hiki kimeshonwa, kitashonwa. Ng'ombe harudishwi akichechemea."

Akatafuta kwenye simu, akapata duka la vitabu vya zamani pale Columbus. Tukaenda Jumatano, baada ya shifti yake.

Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni. Aliosha mikono kwanza. Hapo nikamwamini. Akakilaza kitabu juu ya mto mdogo, akafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine bila kulamba kidole, akihesabu picha chini ya pumzi. Alipomaliza akavua miwani.

Uwase akatafsiri: "Anasema ni chapa ya kwanza. Anasema karibu miaka mia mbili. Picha zote ziko, na vikaratasi vyake vyote. Anasema nyingi alizoona zilikuwa zimekatwa."

"Zimekatwa vipi?"

"Watu wananunua kitabu, wanatoa picha na kisu, wanatia kila moja kwenye fremu, wanauza moja moja. Wanasema ni kuvunja kitabu."

"Si kuvunja. Useme kuchinja."

Yule mama aligusa kitenge, akauliza nani amekishona. Uwase akaninyooshea kidole. Mwenye duka akaniambia nguo hiyo imezuia jua na vumbi, na kwamba amewahi kuona makumbusho yanafanya vibaya kuliko mimi. Nilikaa wima kidogo.

Kisha akaenda kwenye kompyuta yake kutazama kitu. Akatazama muda mrefu. Aliporudi hakukaa.

Aliongea na Uwase kwa sauti ya chini. Uwase akashika funguo za gari.

"Mama, twende."

"Amesema nini?"

"Darrell ametuma tangazo kwa wauza vitabu wote. Hii kitabu imeandikwa kama ni ya wizi. Huyu mama anapashwa kupiga simu. Mama, simama, twende kwa gari."

Mimi nilivuta kiti, nikakaa vizuri, nikaweka mfuko wangu magotini.

"Mwambie apige."

"Mama."

"Anayekimbia ndiye mwizi. Mwambie apige simu kwa Darrell, aseme Nyiramahirwe yuko hapa, anakunywa chai yake, kitabu kiko mezani. Na kwamba kesho ninakileta Buffalo. Na kwamba kwanza kishonwe."

Nikafungua chupa, nikajimiminia chai.

Yule mama alinitazama. Halafu akasema kitu ambacho Uwase alinitafsiria mara mbili, kwa sababu nilikipenda: "Niko kwenye kazi hii miaka thelathini. Sijawahi kuona mwizi anayeleta kitabu kishonwe."

Akapiga. Akaweka simu mezani, sauti wazi, wote tusikie. Darrell akajibu. Sauti yake haikuwa ya mtu mbaya, ilikuwa ya mtu aliyechoka. Alisikia yote. Akasema vizuri, aje kesho saa saba mchana kwenye nyumba ya wazee, akabidhi, asaini karatasi, na yeye ataandika barua ofisini kwamba mambo yameisha. Asiposaini, polisi.

Nilidhani amemaliza. Hakuwa amemaliza.

"Swali moja," alimwambia mwenye duka. "Zile picha, mtu akizitoa, kila moja peke yake inapata ngapi?"

Uwase alinitafsiria akiangalia ukuta.

Mwenye duka alijibu kwamba yeye havunji vitabu, akakata simu. Kisha akachukua sindano iliyopinda na uzi mweupe, akashona zile kurasa nane mbele ya macho yangu, tundu kwa tundu, matundu yaleyale ya zamani. Nilipotaka kulipa alifunika droo yake kwa kiganja.

Sasa mwone nilivyokuwa. Aliyeragizwa lazima arudishe. Na ninayemrudishia anakaa na kisu kwenye mkono.

Alhamisi tuliondoka alfajiri. Tulipita Cleveland, tukafuata ziwa, theluji ya Machi imelala kando ya barabara ikiwa chafu kama pamba ya godoro kuukuu. Uwase ndiye aliyeendesha. Karibu na mji wa Erie akauliza, kama mtu anayeuliza juu ya chumvi:

"Mama, ule mama alisema neno gani hasa? Siku ile, kwa gari?"

"Alisema kipiti."

"Kipiti tu? Hakusema kipiti fo mi?"

"Kipiti tu. Alikuwa anatazama mikono yangu."

Uwase akawasha taa ya pembeni, akasimamisha gari kwenye kituo cha mafuta. Akageuka.

"Mama. Kipiti peke yake si kuchunga. Kipiti ni kusema baki nayo. Ni yako."

"Kip ni kuchunga. Mwalimu wa kanisa aliandika ubaoni."

"Kip ni kuchunga, na kip ni kubaki nayo. Ni yote mawili." Akafikiri. "Unakumbuka ule mzee alinunua sambusa zako kwenye bazari ya kanisa, akakwambia kip ze chenji?"

"Namkumbuka. Chenji yake iko."

"Iko wapi?"

"Kwenye glasi, dirishani, Highview. Hajarudi kuifuata."

Uwase aliweka paji la uso kwenye usukani. Nilifikiri analia, kumbe anacheka, halafu kweli akalia kidogo.

"Miaka mbili, Mama. Unamuchungia ule mzee chenji miaka mbili."

Nilitazama mfuko kwenye magoti yangu. Kuragiza na kugabira, Waingereza wameyatia kwenye neno moja, wakaliacha litembee hivyohivyo, bila kengele shingoni. Watu wenye magari mengi hivi, wakakosa neno la pili.

"Basi turudi," Uwase alisema. "Kama ni yako, ni yako. Turudi Columbus, tutafute avoka, mtu wa sheria."

"Haturudi."

"Juu ya nini?"

"Kama niliragizwa, naenda kurudisha. Kama niligabirwa, sijaenda kutoa asante, na sasa ni miezi miwili. Mtu aliyepewa ng'ombe asipokwenda kushukuru, huyo ng'ombe amemwiba. Njia zote mbili zinapita Buffalo. Washa gari."

Akawasha. Lakini kabla ya kuingia barabarani alinishika mkono, akanipa onyo moja, na hilo nalo niliandike.

"Basi usikie. Kule muulize ule mama, sawa. Lakini usiseme hata mara moja kwamba uliitaka ile kitabu. Sema ulipewa, sema ulichunga. Ukisema uliitaka, Darrell atasema: mnaona, aliitaka, ndiyo maana aliichukua. Neno hilo moja litakufunga."

"Sikukitaka," nilimwambia.

"Ndio vizuri. Sema vile."

Nyumba ya wazee ya Buffalo ina joto jingi na harufu ya supu ya kuku. Darrell alitungoja kwenye chumba chenye dirisha kubwa. Mwanamume mrefu, koti la kazi, macho mekundu ya mtu wa shifti. Alinipa mkono. Alimpa Uwase kiti. Mkitaka nimwandike shetani nitawadanganya.

Na kwenye kiti cha magurudumu, chini ya blanketi ya kijani, alikuwa Mama Dortha.

Kumbe mwezi wa Februari damu ilikuwa imempiga kichwani. Upande wa kushoto wa uso umeshuka. Darrell alisema maneno siku hizi yanamjia moja moja, na siku nyingine hayaji.

Aliniona. Mkono wake wa kulia ulitoka chini ya blanketi ukakaa hewani. Nikaupokea. Tukakaa hivyo mpaka Darrell akakohoa.

Akaweka karatasi mezani, na kalamu juu yake. Uwase akasoma. Akasoma tena.

"Imeandikwa: Nilichukua kitabu bila ruhusa. Nimekirudisha. Sitadai kitu."

"Mwambie nimefika ya tano primaire tu," nilisema, "lakini neno 'nilichukua' nalijua kwa kila lugha. Sisaini."

Darrell alijibu bila hasira. Alisema nyumba ya Shively imeuzwa na pesa zake zimekwisha humu ndani, akazungusha mkono kuonyesha chumba, dirisha, blanketi. Alisema mama yake hasomi tena. Alisema kitabu kikikaa kizima kinamlisha miezi michache, picha zikitoka kinamlisha mwaka. Akauliza kama mimi nina njia nyingine ya kumlisha.

Hilo lilinigonga.

"Mwambie sababu yake nimeisikia," nilimwambia Uwase. "Lakini kitabu si chake wala si changu mpaka mwenyewe aseme. Nimekuja kumuuliza mwenyewe."

"Hawezi kujibu," Darrell alisema.

"Amezaa mwenye kujibu haraka, yeye ajibu polepole. Nitangoja. Kungoja ndiyo kazi yangu."

Nikavua viatu. Nikapiga magoti mbele ya kiti cha magurudumu, kama tunavyofanya mbele ya aliyetoa ng'ombe, na kama tunavyofanya mbele ya anayerudishiwa, kwa sababu sikujua lipi kati ya mawili. Nikaweka kitabu kwenye mapaja yake na nguo yake ya kitenge.

"Mama Dortha. Siku ile kwa gari. Uliniragiza, au ulinigabira?"

Uwase alitafuta Kiingereza chake mpaka akapata. Alimuuliza kama alitaka nimtunzie, au alitaka kiwe changu.

Mama Dortha aliangalia kitenge. Akapapasa mshono kwa kidole gumba, pale nilipopiga nyuzi mbili kwenye pembe. Mdomo ulifunguka, ukafungika. Darrell akatazama saa. Nje mtu alipita na toroli la sahani.

Halafu akaongea. Neno moja, likafuata lingine, kila moja likiwa limepandishwa mlima.

Nikamgeukia Uwase.

"Amesema nini?"

"Hajajibu, Mama. Amekuuliza." Uwase akameza mate. "Anasema: Wewe. Unataka nini?"

Mkae hapa na mimi kidogo, wasomaji.

Nina miaka sitini na saba. Kambini waliniuliza nimekimbia nini. Kwenye ofisi ya ndege waliniuliza nina ugonjwa gani. Louisville waliniuliza naweza kuinua kilo ngapi. Waume, wachungaji wa kanisa, wanangu, wote wameniuliza nimepika nini. Swali la yule mama lilinikuta kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo hata mwenyewe hujui ina mlango huo.

Darrell alitoa simu mfukoni, akaishika wazi mkononi, kidole tayari. Alikuwa amesema polisi, na hakuwa mtu wa kusema bure.

Uwase aliinama mpaka sikioni pangu, akasema kwa lugha ya nyumbani.

"Mama, sema hutaki kitu. Sema tu hivyo. Anakichukua, tunatoka, kazi inarudi. Tafadhali, Mama."

Nililijua jibu hilo. Sitaki kitu cha mtu. Nimelisema maisha yangu yote, lina alama ya meno yangu. Nimewaandikieni ninyi pia, hapo juu, kwamba mimi nilichunga tu, sikutamani, na mmeniamini.

Niliwadanganya. Nilimdanganya Uwase kwenye kituo cha mafuta. Nilipokuwa napanda kiti usiku kukishusha kutoka juu ya kabati, sikuwa nahesabu kama kurasa ziko. Nilikuwa nawaangalia ng'ombe wangu.

Magoti yaliuma. Sikusimama.

"Tafsiri nitakachosema," nilimwambia Uwase, "na usikipunguze chumvi."

"Mama, hapana."

"Mwambie ninakitaka. Nilikitaka kabla hajaniambia kipiti. Nilikitaka tangu siku ya kwanza alipokifungua mbele yangu, na ninakitaka kizima."